Bi Ummulkheir Anawaacha Wageni wa Serapi

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2018, Bi Ummulkheir Hussni anastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho kwa miaka kumi na tisa. Sherehe ni saa tisa alasiri na sambusa zipo. Ukimkosa ukumbini, mtafute jikoni, maana mama huyu wa Mombasa kutulia hajui. Alianza kwa kupokea makoti mlangoni, na hata hapo alikuwa akitoka nje kwenye theluji kuwaita wapita njia waingie.

Baadaye alifanywa mtembeza wageni, akapewa chumba ambacho wengi wetu tulikipita mbio: kile cha vyama vya watu binafsi walioabudu miungu ya Misri katika miji ya Wagiriki wa kale. Mna mawe yenye maandishi, taa za udongo, na sanamu za miungu yenyewe: Serapi na ndevu zake, Anubi na kichwa chake cha mbweha. Mwaka 2011 akaanzisha ziara ya Kiswahili kila Jumamosi, kwa ajili ya jamaa zetu wahamiaji wa mitaa ya Phillips na Cedar-Riverside hapa mjini.

Ya kwanza ilikuwa balaa. Alianza na miungu, kama tulivyofunzwa sote. Mama Bernardine, mkimbizi kutoka Uvira na mwombaji mashuhuri wa kanisa lao, alipomwona Anubi aliinua mikono akamkemea: "Toka, pepo mchafu!" Waumini wenzake aliokuja nao wakaitikia. Wazungu waliokuwa karibu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Mimi Jotham, niliyekuwa zamu ya ulinzi, nilibaki nimeshika redio, sijui nimwite nani. Wakubwa wakataka ziara ifutwe siku hiyo hiyo.

Bi Ummulkheir hakukubali. Alimfuata Mama Bernardine mpaka kwake, Mwislamu na buibui lake, akamweleza kwamba hakuna anayeombwa kuabudu. Watu wanakwenda kuwajulia hali wenzao waliotangulia kuishi ugenini. Kisha akaigeuza ziara: watu kwanza, Serapi baadaye. Akawa anaanza na jinsi watu waliokuwa mbali na kwao walivyojiunga vyama, wakala pamoja, wakavishana mashada ya heshima, na mahali pengine wakawa na makaburi ya chama, mwenzao asizikwe kama asiye na watu.

Mazoea hayo yakawaingia wageni wetu. Ziara ikiisha, walishuka chini kula, pilau ya Mombasa kando ya sombe, kisamvu cha Kongo. Februari 2015 Alfred, mumewe Mama Bernardine, alifariki, naye hakuwa na ndugu hata mmoja nchi hii. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilikwenda makaburini nikihofia kumkuta mama yule peke yake. Lo! Watu wa Jumamosi walikuwa wamejaa, Waislamu kwa Wakristo, na Bi Ummulkheir katikati yao akihangaika na chupa za chai. Nililia, sifichi.

Ndiyo maana mwaka huu tumekosa raha. Wakubwa walisema kwamba asipopatikana wa kumrithi, ziara ya Kiswahili inakufa siku atakayoondoka. Kati ya walioombwa, wawili walikataa kwa sababu ya sanamu, mmoja hataki kazi ya Jumamosi. Bi Ummulkheir akazunguka akibembeleza kila mtu, mpaka akaanza kusema ataahirisha kustaafu, na goti lake bovu vile! Tulimgombeza, lakini moyoni tulitamani afanye hivyo.

Jumamosi iliyopita goti likagoma. Katikati ya ziara, mbele ya jiwe la chama, aliegemea ukuta, maumivu yakamkata kauli. Wageni wakatazamana. Mama Bernardine, ambaye tangu msiba wake hajakosa ziara hata moja, akatoka nyuma ya kundi, akamshika mkono. Kisha akaligeukia jiwe, akaendelea alipoishia mwenzake: "Hawa walikuwa wageni kama sisi. Mmoja akifa, wote wanakuja. Bwana yangu Alfred alizikwa hivyo." Akaendelea mpaka mwisho, wala hakumruka Anubi.

Wakubwa wamekubali. Kuanzia Julai, ziara ni ya Mama Bernardine.

Bi Ummulkheir, ahsante. Mungu akupe afya na umri mrefu. Siku ya furaha tutakuja, siku ya msiba tutakuja. Watu unao.