Mama Lul Atafuturu Saa Ngapi?

Adhana ya Magharibi ilishapita, tende zimeliwa, na kijiwe cha nyuma ya soko la mbuzi pale Garissa kimejaa watu walioshiba, wenye maneno. Kulow peke yake hakuwa amegusa kahawa. Mama yake, Lul, alipanda ndege Doha asubuhi kwenda kwa bintiye Chicago, na amefunga. Aliambiwa msafiri ameruhusiwa kula. Akajibu kwamba hakuzeeka ili aje kula mchana wa Ramadhani mbele za watu asiowajua. Tena ana ugonjwa wa sukari. Tangu asubuhi roho ya Kulow ilikuwa juu juu.

— Kilomita elfu kumi na moja na kitu, alisema mzee Guracha, aitwaye Kilomita kwa kuwa alizeekea kwenye lori la ng'ombe la kwenda Griftu. Lori yangu ingekufa mara tatu njiani.

— Masaa kumi na nne, mzee. Hiyo ni kulala tu.

Huyo ni Mustafe, aitwaye Rubani, ingawa ndege aliingia mara moja tu, kupakua miraa.

— Basi jua imezama na amekula, alisema Kulow.

— Wapi! alisema Rubani. Jua inaenda huko magharibi, ndege inaifuata nyuma. Hapa giza, kwake bado mchana.

— Mchana mpaka lini?

— Mpaka Chicago, walaal, ndugu yangu. Akishuka, jua bado iko.

— Subhanallah! Kilomita akaweka kikombe chini. Si dereva apunguze mwendo? Mimi jua ikinipiga usoni, naegesha chini ya mti, naingoja izame.

— Ndege haiegeshi, mzee.

— Basi ageuze kidogo, arudi nyuma. Jua izame, mama ale, waendelee.

— Halafu wakienda mbio sana, alisema Rubani, sasa amenogewa, wanafika jana. Mama anafunga siku ambayo ameshafunga.

— Thawabu mara mbili!

— Thawabu gani na hiyo sukari? Kulow aling'aka. Wallahi nyinyi mnacheza.

Kicheko kikakatika. Jirani yao Khadra, aliyekuja kuchukua sahani yake ya sambusa, alikuwa amesimama anasikiliza.

— Kwani Mama Lul amekaa dirishani?

Kilomita akamtazama Rubani. Rubani akakuna shingo.

— Wa katikati hawaoni nje, alisema polepole. Na madirisha wanafunga, watu walale.

— Sasa atajuaje?

Alipokata tiketi, Kulow aliulizia uzito wa mizigo, akaulizia kiti cha magurudumu, hata blanketi akaulizia. Dirisha halikumjia akilini. Na hata angeliulizia, macho ya mama yana ukungu mwaka wa tatu huu. Adhana huisikia, ila spika haziamini. Kila jioni huketi mkekani na tende yake mkononi, anauliza: "Kulow, imezama?" Naye hutoka nje, hutazama magharibi, hurudi na kusema: "Imezama, hooyo. Kula."

— Ni mimi ndiyo namwambia, alisema Kulow. Kila siku ni mimi.