Breki Aona Haya Kucheka

Benchi letu limeegemea ukuta wa saluni yangu ya kunyoa, na mwenye birika la kahawa hufika kabla sijafungua mlango. Zamani wa kwanza kuketi alikuwa Breki, dereva wa lori mstaafu. Tulimpa jina hilo kwa sababu kicheko chake kikianza kuteremka hakina breki. Lakini miezi ya karibuni alikuwa anachovya mkate kwenye kahawa mpaka ulainike, akiongea anaziba mdomo kwa kiganja, na suruali ikawa inampwaya. Kisha akaacha kuja kabisa. Asubuhi hiyo tulibaki mimi, Fundi Saa wa duka la jirani, na Kamusi, karani mstaafu asiyekosa methali, ila methali zake ndizo zinakosa pa kukaa.

Fundi Saa: Wiki ya pili hii. Mwenzetu anakwisha.

Kamusi: Uzee huo. Mtu akivuka sitini, mwili unarudisha vifaa vya kazi. Kwanza nywele, halafu macho, halafu meno. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hapo mbona panapungua, Kamusi?

Kamusi: Kinajaa kibaba cha anayerudishiwa!

Fundi Saa: Mimi nasema kapata mchumba. Mwanamume akikonda ghafla, kuna mtu anamnyima usingizi.

Kamusi: Mchumba wapi! Yule kameza jino akiwa amelala. Sasa liko tumboni, kila akila linawahi kutafuna lenyewe.

Fundi Saa: Litatafunaje bila taya?

Kamusi: Mwenda pole hajikwai!

Tulikuwa bado tunacheka alipotufikia mama mmoja wa makamo, mkoba begani. Akatusalimu, akasema yeye ni dada yake Breki, amekuja wiki iliyopita kumjulia hali.

Dada: Nimemkuta anakunywa uji mwepesi asubuhi, mchana na jioni. Nikampikia nyama, akasema hana hamu. Nikamwambia, kaka, hebu fungua mdomo. Akakataa kama mtoto. Nikasema basi, na mimi sili. Ndipo akafungua.

Mimi: Ukaona nini?

Dada: Fizi zimevimba, zinavuja damu. Meno mawili yanacheza kama mlango uliong'oka bawaba. Naye anadhani ndivyo wazee wanavyokuwa!

Kamusi akakohoa.

Dada: Nikamkokota hadi kwa daktari wa meno. Akasema, haya ni maradhi ya fizi, usiyasingizie umri. Kang'oa yale mawili, kasafisha yaliyobaki, kamfundisha kupiga mswaki upya. Akamwambia, mzee asiyeweza kutafuna huacha nyama, huacha mboga, nguvu zikamwisha. Akiona haya kuongea, hujifungia ndani, na upweke nao unazeesha. Tena kaka yangu ana ugonjwa wa sukari, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kutulia.

Fundi Saa: Kumbe mdomo ndio mlango wa nyumba nzima!

Kamusi: Ungenisubiri, ndilo neno lililokuwa ulimini.

Mimi: Sasa mwenyewe yuko wapi?

Dada: Pale nyuma ya ukuta. Anaona haya, ana pengo.

Nilimkuta amejibanza, kiganja mdomoni. Nikakishika kile kiganja.

Mimi: Ndugu yangu, wewe njoo hata na fizi tupu. Benchi limepoa.

Akaja, akaketi. Kamusi akamchungulia kwa makini.

Kamusi: Hili ndilo pengo? Hapa lori linapita bila kukunja vioo!

Breki akajikaza, akashindwa. Kicheko kikamtoka chote, mabega yakitikisika, mpaka mwenye birika akaweka vikombe chini asije akavimwaga. Kisha Breki akachukua kipande cha mkate, mkavu, akakitafuna taratibu, macho ameyafumba. Akameza. Dada yake akajifuta machozi kwa ncha ya kidole, halafu akatugeukia sisi.

Dada: Na nyinyi wengine, nani alishawahi kumpelekea daktari meno yake kabla hayajauma?

Fundi Saa akainamia kikombe chake. Kamusi akaziba mdomo kwa kiganja. Na mimi nikapitisha ulimi polepole kwenye gego la nyuma, lile ambalo sijalitafunia tangu mvua za mwaka jana.