Mgonjwa wa Maktaba na Shauri la Twaiba

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Bwana Abdurahman Chome, mwenyekiti wa bodi yetu, shikamoo. Mwalimu mkuu, walimu, na wazazi mliotoka Msambweni na mliovuka maji kutoka Funzi, shikamooni nyote.

Sisi, Chama cha Maktaba cha Shule ya Upili ya Wasichana Mikokoni, tunakukaribisha kwa mioyo mikunjufu na kwa viti vilivyopanguswa tangu alfajiri. Ratiba tunaijua: baada ya risala hii kuna chakula, na baada ya chakula kuna kikao cha bodi. Tunashukuru kupewa nafasi ya kwanza, kwa sababu mtu aliyekwisha kushiba pilau husamehe mengi, lakini pia husahau mengi.

HISTORIA FUPI YA MAKTABA

Mgeni rasmi, maktaba hii ilikuwa ya vitabu mpaka mchwa walipoipenda. Zikabaki rafu na kompyuta moja. Kwa miaka mingi dada zetu waliotutangulia wameandika ndani yake, kwa vidole viwili viwili, maelezo ya masomo yote na maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Ni hazina kubwa. Tatizo ni kwamba msichana wa bweni akiwa anaandika na kengele ya chakula ikalia, kazi yake huipa jina lolote linalomjia kinywani. Kwa hiyo hazina yetu imehifadhiwa kwa majina kama Mpya, Mpya Kabisa, Mpya ya Mwisho, na Hii Ndiyo. Hakuna binadamu anayejua kilichomo ndani ya Hii Ndiyo mpaka aifungue.

Tuliishi kwa rehema ya kitafutaji, kile kisanduku unachoandika neno ndani yake, nayo mashine ikakuletea kila faili yenye neno hilo. Dada zetu wa Kidato cha Nne, wanaoukaribia mtihani wao wa mwisho, hawana mlango mwingine wa kuingilia.

Muhula huu kompyuta iligoma kuwaka. Mwalimu wa kompyuta, Bwana Fondo, alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine. Ndipo Twaiba Swabir wa Kidato cha Tatu, binti wa Funzi, alipomwendea naibu mwalimu mkuu, Bwana Randu. Alimweleza kwamba dawa ni kuufuta ule mfumo unaoiendesha mashine na kuuweka upya, na kwamba maandishi yetu hayataguswa, kwa kuwa yanakaa kwenye diski ya pili. Bwana Randu akamwambia afanye anavyojua, bora mashine iamke. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa mdomo, na mdomo, mgeni rasmi, hauna muhuri.

MASAIBU

Mashine iliamka. Twaiba akaandika "maji" kwenye kisanduku, kwa kujaribu tu. Mashine ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Shule inafundisha baiolojia, kemia na jiografia, lakini maji haina. Akaandika "moyo". Nao haukuwepo. Bwana Randu alikuja, akavuta kiti, akaandika jina lake mwenyewe, na mashine ikasema haimjui.

Mtu mzima kuambiwa mbele ya wanafunzi kwamba hayupo si jambo dogo. Twaiba alijitahidi kumwonyesha kwamba faili zote zimo diskini, hazijapungua hata moja. Ili kumthibitishia alifungua mojawapo bila kuchagua, na kwa bahati isiyo njema ikawa ni shairi juu ya viatu vya Bwana Randu. Jioni hiyo hiyo ilitangazwa kwamba maktaba imepotea, kwamba aliyeipoteza ni Twaiba, na kwamba bodi itaamua kama ataendelea kuwa mwanafunzi wa shule hii.

Twaiba hakulia, ingawa wenzake tulikuwa tumejiandaa kumbembeleza. Aliketi mbele ya mashine, mikono mashavuni, akawaza. Vitu vipo, anayevitafuta havioni. Basi anayeumwa si vitu, ni mtafutaji. Alipekua mipangilio ya mashine mpaka macho yakamwasha, na hatimaye akaelewa. Kumbe kitafutaji hakizunguki diski nzima kila kinapoulizwa. Husoma kila kitu mara moja, kikajiandikia faharasa yake, na siku zote ukikiuliza hutazama faharasa hiyo tu. Mfumo mpya ulikuja na faharasa tupu. Wala haukuwa umeambiwa kwamba kuna diski ya pili. Ulikuwa kama mgeni aliyeonyeshwa sebule akadhani nyumba imeishia hapo.

Twaiba akautambulisha kwa diski ya pili na kuuamuru uandike faharasa upya. Nambari ya faili zilizosomwa ikaanza kupanda, halafu ikasimama kama punda aliyegoma. Akazima, akawasha. Akaifuta faharasa, akaanza tena mwanzo. Ikapanda kidogo, ikasimama.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Habari zilikuwa zimeenea bwenini kwamba kompyuta ni mgonjwa. Wewe ni mtu wa huku, mgeni rasmi, unajua kwamba mgonjwa ni lazima ajuliwe hali, na asiyekwenda hutajwa. Basi tulikwenda. Tulikwenda kabla ya vipindi, na tukitoka kuswali alasiri tulipitia huko huko. Kidato cha Kwanza walikuja kwa mstari. Kila aliyeingia alikishika kipanya, akakitikisa kama anayepeana mkono, akaitazama nambari, akasema inaonekana ana nafuu kuliko jana, akatoka. Matroni wetu, Bi Muhsina, alikuja na kitambaa, akampangusa vumbi, akamtikisa naye. Hata Bwana Randu alikuja, akisema anatafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa.

Nambari haikusogea. Twaiba alikonda. Ndipo siku moja alipoona, chini ya nambari ile, maandishi madogo yanayosema kwamba kazi imepunguzwa kasi kwa kuwa mashine inatumika. Akaviondoa vidole kwenye kibodi, akavikunja mapajani. Nambari ikapanda. Ikapanda tena. Akawa hathubutu hata kupenga kamasi. Mara mwenzetu Mishi akaingia, akatoa salamu, akakishika kipanya. Nambari ikasimama.

"Mishi, toa mkono."

"Namjulia hali tu, dadangu."

"Ndiyo mnavyomuua. Huyu akishikwa huacha kazi yake ili akuhudumie wewe. Dawa yake ni mtoke."

"Tutoke sote?" Mishi alitazama mlango, akatazama mashine. "Mgonjwa aachwe peke yake? Watu watasemaje?"

Swali lile, mgeni rasmi, lilikuwa zito. Mashine ilihitaji kitu kimoja ambacho shule ya bweni haijawahi kumpa yeyote: kuachwa. Isitoshe, Bi Muhsina huchomoa kila waya ukutani kabla ya taa kuzimwa, na hajawahi kuusaza hata mmoja tangu aajiriwe. Twaiba alimwendea jikoni, akapiga goti, akamweleza yote. Bi Muhsina alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ana hakika. Twaiba akasema hana hakika, ila hana jingine.

Mapumziko ya katikati ya muhula yalipoanza, Bi Muhsina aliweka kiti mlangoni pa maktaba, akaketi na ukili wake akisuka. Waya aliuacha ukutani. Kila aliyekuja kumwona mgonjwa, wakiwamo watu ambao kwa heshima hatuwataji, alipewa jibu moja: "Kalala. Salamu zenu nitamfikishia."

MAFANIKIO

Tuliporudi, Twaiba aliingia peke yake. Tulibanana dirishani. Akaandika "maji". Yakaja maji ya mvua, maji ya mwili, maji ya chumvi, na malalamiko ya zamani juu ya maji ya kuoga. Akaandika "moyo", ukaja pamoja na mishipa yake. Kisha, kwa kuwa ni msichana mwenye adabu, akaandika jina la Bwana Randu, nalo likaja mara nyingi sana. Bwana Randu mwenyewe alisimama nyuma yake akisoma. Alipofika kwenye viatu alikohoa, akasema, "Vizuri," akaondoka.

Tangu hapo Kidato cha Nne wanasoma. Hakuna faili hata moja iliyopotea, wala haikuwa imepotea siku yoyote.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja. Mgonjwa amepona, shauri halijapona. Twaiba alishtakiwa kwa kupoteza maktaba. Maktaba ilipopatikana tulidhani mambo yamekwisha, kumbe kosa limebadilishiwa jina tu. Sasa linaitwa kugusa mashine ya shule. Ndiyo maana hayumo humu ukumbini. Ameambiwa asubiri nje, asichanganyike nasi, mpaka bodi ikae.

MAOMBI

Tulikuwa na haja ya mwalimu wa kompyuta, na bado tunayo. Lakini ukiwa na nafasi ya ombi moja tu, hilo liache.

Tunaomba umwite Twaiba kabla ya kikao, umuulize mwenyewe alifanya nini na kwa nini, naye Bwana Randu awepo. Tunaomba aulizwe, mbele ya Twaiba, kama alitoa ruhusa. Hatuna wasiwasi na jibu lake. Bwana Randu ni mkali, lakini hatujapata kumsikia akisema uongo, na miaka yote hii tumemsikiliza kwa makini kuliko anavyodhani.

Na ikiwa bodi itaona kwamba kugusa mashine ni kosa la kumrudisha mtu nyumbani, basi tunaomba haki itendeke kwa ukamilifu. Twaiba aliigusa ili kuiponya. Walioigusa asubuhi na jioni, wakaichelewesha kupona kwa salamu zao, ni sisi. Masanduku yetu yamefungwa na yako mstari mmoja mbele ya bweni, likiwamo la msomaji wa risala hii. Hilo si tishio. Mtoto hamtishi mzee. Tumeona tu si adabu kuisumbua bodi kwa kesi moja moja.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya na subira, awalinde walimu wetu, na awafanyie wepesi dada zetu katika mtihani wao. Twaiba yuko kwenye benchi, nje ya mlango ulio mkono wako wa kushoto. Hatasimama kukusihi, ndivyo alivyo. Ya kusihi tumekwisha kuyasema sisi.

Ni sisi wanao, tulio tayari kubaki na tulio tayari kusafiri,

Chama cha Maktaba,
Shule ya Upili ya Wasichana Mikokoni, Msambweni.