Gym ya Mwanne

Gari la abiria aina ya Noah lilikuwa likitoka Katumba kwenda Mpanda, na Mzee Séverin, aliyeketi kiti cha mbele, aliwasikiliza wanawake wawili nyuma yake bila kugeuza shingo. Mwanne, muuza vitenge, alikuwa ameamriwa na daktari afanye mazoezi kabla sukari haijamshinda.

"Gym ya stendi ina mashine nyingi, dada, ila wanaume wamejaa. Ya wanawake iko mbali," alilalamika.

Aline, mkulima wa tumbaku aliyeketi kando yake, akacheka. "Njoo kwetu ulime, mama. Jembe halina zamu ya wanaume."

"Jembe nitalitoroka. Nataka mahali ambapo nisipoonekana wataniulizia."

Mzee aliafiki kimoyomoyo. Hata kanisani, wengi hudumu kwa kuogopa kuulizwa walikokuwa.

Gari likasimama stendi, mkabala na gym. Mwanne akaitazama kitambo, kisha akaita bodaboda. Mzee alitega sikio, lakini hakusikia kama alitaja gym ya wanawake au nyumbani kwake.