Mashati ya Balozi

Dobi alikuwa amepakata furushi la nguo, akimlalamikia muuguzi aliyekaa naye kwenye basi. Mimi nyuma yao nilishika gazeti tu. Umbea ulikuwa mtamu zaidi.

"Balozi anadai mkataba wa zamani unampa mtaa wetu wote. Leo saa nne anakutana na waziri, watie saini tufukuzwe."

"Mkataba ni mkataba, kaka."

"Wee dada! Ingekuwa kwenu ungesema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na hizo nguo za nani?"

"Za balozi. Mashati yake yote."

Muuguzi akacheka mpaka machozi.

Basi likasimama. "Ubalozini!" kondakta akaita. Dobi akafumba macho, akaanza kukoroma.

"Msimwamshe," akasema yule mtetezi wa mikataba. "Mimi muuguzi, najua. Huyu mgonjwa."