Lenzi Isiyoingia Chumbani

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wa rika langu, habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti amenipa nafasi hii mara tatu, na mara zote tatu nilijifanya nina udhuru. Leo nimeishiwa udhuru. Nitasema yaliyonipata kwa mpangilio yalivyokuja, sitataja jina la mtu, na atakayejitambua humu ndani na anyamaze tu.

Mnanijua. Mimi ni mpiga picha, studio yangu ipo Handeni. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa picha za pasipoti na vitambulisho, na harusi za watu wa Kerenge na Mashewa wasiotaka makuu. Nilikuwa na kamera ndogo, imechubuka kona zote. Humu tumo wapishi, wapambaji, washereheshaji na wapiga picha, wote tunakula kwenye harusi za watu. Kwa hiyo nikisema harusi moja inaweza kukuzika ukiwa hai, mnanielewa.

Yangu ilianzia Korogwe mjini, ukumbini. Tulikuwa wapiga picha wanne, mwanamke mimi peke yangu. Bibi harusi anaingia, nami nimejipenyeza mbele nipate uso wake. Mwenzangu mmoja akanishika bega, akanisogeza kama anasogeza kiti. "Mama Pasipoti, unatuzibia."

Hilo ningelimeza. Lakini mshereheshaji alilisikia, naye alikuwa na kipaza sauti mkononi. "Jamani, Mama Pasipoti yupo! Mwenye shida ya picha ya kitambulisho apange foleni huku!"

Ukumbi mzima ukacheka. Ndugu zangu, baadhi yenu mlikuwemo. Mlicheka. Hata bibi harusi alicheka, na picha yake akicheka ninayo mpaka leo, imetoka vizuri sana.

Nikaapa kwamba hawatanicheka tena. Nilijinyima, nikauza na cherehani ya marehemu mama yangu, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kununua kamera mpya. Ilikuwa ya ile aina wanayoiita fulu fremu, yaani sehemu ya ndani inayopokea picha ni kubwa, na picha inatoka safi hata pasipo na mwanga mwingi. Kamera yenyewe sikukosea. Nilikosea vitu vya kuifungia.

Dukani palikuwa na binti muuzaji, mdogo kuliko mimi kwa mbali. Akaniuliza, "Dada, huwa unapiga picha za nini?"

"Harusi."

"Ndani au nje?"

"Kote."

"Na vyumba vyenyewe ni vikubwa?"

Nikamkazia macho. "Kwani unadhani sisi wa mikoani tunaishi vibandani?"

"Samahani dada, sina maana hiyo." Akanionyesha lenzi mbili juu ya kioo cha meza. Moja fupi, nyeusi, inatoshea kwenye kiganja. Nyingine ndefu, nyeupe, nene kama mkono wangu. "Hii ndefu inavuta mbali. Ni ya mpira, ya wanyama, ya uwanja mkubwa. Chumbani itakusumbua, maana mtu akikaa karibu yako hutampata mzima. Kwa harusi za majumbani mimi ningekupa hii fupi, na flashi, na betri ya akiba, na kadi mbili nzuri za kuhifadhia picha. Kamera yako ina matundu mawili ya kadi. Picha inajiandika kote kwa mpigo, moja ikifa nyingine inabaki."

Alinieleza vizuri kuliko mwalimu. Lakini mimi nilikuwa namsikia mshereheshaji. Nilikuwa naona watu wa Korogwe wakigeuka kuangalia lenzi nyeupe inaingia ukumbini. Nani atageuka kuangalia lenzi inayotosha kiganjani?

"Nifungie hiyo nyeupe," nikamwambia.

Hela iliyobaki nilinunulia begi kubwa na mkanda mpana wa begani. Flashi nikaacha. Betri ya akiba nikaacha. Kadi nikanunua moja tu, nje, kwa mmachinga, imeandikwa ukubwa wa kutisha kwa bei ya soda chache. Sikuijaribu. Nawaambia, nilirudi Handeni nimefurahi kuliko siku niliyoolewa.

Kazi ya kwanza ya kamera hiyo ilikuwa Mashewa, nyumbani kwa familia ya wakulima, Waislamu wa siku nyingi pale. Walinichagua kwa sababu niliwapigia picha za vitambulisho. Binti anaolewa, baba alishafariki, mama ni mgonjwa wa miezi, yuko kitandani chumba cha ndani. Aliyesimamia shughuli yote ni shangazi, dada wa baba yake binti.

Asubuhi nilipiga picha magari, nilipiga masufuria, nilipiga wajomba kwa mbali wakiwa hawajui. Watu walikuwa wananiangalia. Ilikuwa kama nilivyoota.

Baada ya nikaha binti akaniita pembeni akiwa na gauni lake na shela. "Dada, picha nyingine zote piga unavyotaka. Mimi nataka moja tu. Mimi na mama, kitandani kwake. Mama hana picha. Alikuwa hapendi kupigwa. Leo amekubali."

Tukaingia. Chumba chenyewe kitanda kimekula chote, dirisha dogo, giza. Mama yule alikuwa amefungwa kilemba kipya, amepakwa wanja. Alikuwa amejiandaa, jamani. Binti akakaa ubavuni pake, akamshika mkono.

Nikainua kamera. Nikaona sikio la binti na nusu ya paji la mama. Nikarudi nyuma mgongo ukagonga ukuta. Nikapata uso wa mama peke yake, una ukungu. Nikapata uso wa binti peke yake. Wawili pamoja hawaingii. Nikatoka mpaka sebuleni, nikajaribu kupitia mlangoni, nikapata fremu ya mlango.

Pale pale alikuwepo mpwa wao mmoja wa kike, amenyanyua simu. Simu ya kawaida kabisa. Wote wawili walikuwa wanaenea kwenye kioo chake, nilikiona kwa macho yangu. Nikamwambia, "Shusha simu, mwanangu. Mnaniharibia kazi. Zote, shusheni. Picha zitatoka kwangu."

Akashusha. Na wenzake waliokuwa mlangoni wakashusha.

Halafu nikasema neno ambalo nikilala nalisikia. Nikasema, "Mtoeni nje."

Shangazi akanitazama. "Mgonjwa?"

"Mwanga huku ni mdogo, shangazi. Nje itatoka nzuri sana."

Wanawake wanne wakambeba na godoro lake. Jua la saa saba. Kwenye kizingiti aliguna, mguu ukagonga mwimo. Uani walikuwa wamekaa wakwe, wanaume kwa wanawake, wakamwona mama wa watu anapitishwa kanga imemvuka, miguu imevimba iko wazi. Shangazi akavua mtandio wake mwenyewe kumfunika. Na mimi? Mimi nilikuwa narudi nyuma, kwa sababu lenzi yangu inataka umbali. Nikarudi mpaka kwenye kibanda cha mbuzi, na kutoka huko nikawa napiga kelele. "Mgeuzeni huku! Kidogo tena! Mama, tabasamu! Mama, hapa!"

Alitabasamu. Sijui nguvu aliitoa wapi. Nilipiga nyingi, nikaenda kumwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaangalia, akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Nimependeza." Wakambeba kumrudisha.

Jioni nyumbani nikaiweka kadi kwenye kompyuta. Magari yapo. Masufuria yapo. Wajomba wapo. Kuanzia nikaha kuendelea, kila picha ni ya kijivu, tupu. Kadi ile iliandikwa ukubwa ambao haikuwa nao. Ilipojaa iliendelea kujifanya inapokea, kioo cha kamera kinaonyesha picha ambayo kadi haijaishika, na mimi nikaendelea kupiga.

Mama yule alifariki siku ya tisa.

Binti akapiga simu baada ya matanga, sauti imekauka. "Dada, ile picha ya mama."

Nikamwambia inasafishwa Tanga. Wiki iliyofuata nikamwambia umeme unasumbua. Iliyofuata, mashine. Kweli nilikuwa nimepeleka kadi Tanga kwa fundi wa kompyuta. Siku mbili alihangaika nayo, akaokoa ukanda mwembamba wa juu wa picha moja. Una bati la nyumba na mawingu. Kila mtu yuko chini ya hapo, hayupo.

Siku moja asubuhi binti akaingia studio mwenyewe, na shangazi yake. Alikuwa amebeba kitu kwenye gazeti. Akafungua: fremu ya kioo, kubwa, ya rangi ya dhahabu. "Tumeshanunua ya kumwekea," akasema. "Arobaini ni Ijumaa. Tunataka watu wakifika wamwone."

Mnajua nilimjibu nini? "Ijumaa nitakuleteeni mwenyewe."

Walipoondoka nilifunga mlango, sikufungua studio tena siku hiyo. Ijumaa nikapanda basi mpaka Korogwe, kisha bodaboda mpaka Mashewa, mikono mitupu. Nilitaka nimnong'oneze shangazi jikoni, nikimbie. Lakini binti aliniona getini, akaona sina bahasha, akanijia moja kwa moja pale uani, mbele ya watu waliokuja kwenye kisomo cha arobaini.

"Picha iko wapi?"

"Haipo. Kadi iliharibika. Haikuwepo tangu siku ile ile."

"Sema kwa sauti. Wasikie."

Nikasema kwa sauti.

"Nani aliwaambia watu washushe simu?"

"Mimi."

"Mama yangu ulimtoa ndani kwa nini?"

Nilitaka kusema mwanga. Nikauacha uongo huo. Nikasema, "Lenzi yangu haikuenea chumbani."

"Kwa nini ulinunua lenzi isiyoenea chumbani?"

Nikasema, "Ili watu wa Korogwe wasinicheke."

 Akasema, taratibu kabisa, "Kwa hiyo mama yangu alibebwa juani ili wewe usichekwe."

 

Hakunipiga, hakunitukana. Shangazi ndiye aliyekuja, akanikalisha mkekani, akaniwekea sahani ya wali mapajani. "Kula," akasema. "Ukimaliza, ondoka." Nikala wali ule mbele ya watu wote, punje kwa punje, kwa sababu sikuthubutu kuuacha. Fedha yao niliirudisha siku hiyo hiyo.

Habari ilifika Handeni kabla yangu. Harusi zote nilizokuwa nimeahidiwa zilifutwa. Waliokuwa wananiita Mama Pasipoti wakanipa jina jingine ambalo sitalisema kwenye mkutano wenye wazee. Nilifunga studio. Miezi nilikaa ndani, kamera iko kwenye begi lake kubwa chini ya kitanda.

Aliyenitoa ni mama mmoja mpishi, mwanachama wa humu. Alikuja mlangoni, hakutoa pole. "Nina harusi mbili Kerenge na wasaidizi wamenitoroka. Unajua kumenya vitunguu?" Nikamenya vitunguu mwaka mzima, masika na vuli. Na kule jikoni ndiko nilikojifunza kazi yangu. Mpishi anapita mlango wa nyuma, anaona nyumba ilivyo. Niliona bibi harusi analia kwa bibi yake kwenye chumba ambacho watu watatu hawageuki. Niliona baba anamfunga mwanawe vifungo stoo, kati ya magunia ya mahindi. Picha zote ambazo watu wangezililia baadaye zilikuwa huko, kwenye vyumba ambavyo lenzi yangu nyeupe ingegonga ukuta.

Nikarudi Dar es Salaam. Binti wa dukani alinikumbuka. Nilimweleza yote, hakusema "nilikwambia". Aliichukua ile ndefu, akanipa ile fupi ya kiganjani, flashi, betri mbili za akiba na kadi nne. Kila kadi niliijaza mpaka mwisho na kuisoma upya kabla ya kuipeleka kwa mtu.

Aliyenipa kazi ya kwanza alikuwa mama wa Dindira, mchuma chai. Nikamwuliza kama amesikia habari zangu. "Nimesikia," akasema. "Nadhani wewe hutarudia. Hao wengine sijui." Nilimpiga picha na wanawe watano kwenye jiko la moshi, wote wakaenea. Watu wa simu nikawaambia wapige kwanza, mimi baadaye.

Msidhani mambo yameisha kwa kukumbatiana. Mwaka huu nilikutana na yule binti stendi ya Korogwe, ana mtoto mchanga mgongoni. Nilikuwa na kamera begani. Nikamwamkia. Hakuitikia. Alimvuta mtoto mbele, akamfunika uso kwa kanga, akageuka. Ana haki yake. Sikumfuata.

Namshukuru mpishi aliyenipa kisu na ndoo ya vitunguu. Namshukuru binti wa dukani. Namshukuru shangazi wa Mashewa kwa ule wali. Na yule binti namshukuru kwa maswali yake, maana hakuna mwingine aliyeniuliza.

Wapiga picha wenzangu mnaotaka kununua, na ninyi wa spika na wa mapambo pia: kabla hujatoa hela, nenda kaingie kwenye nyumba ya mteja wako. Kaa chumbani kwake. Nunua kinachomfaa yule mtu wa humo ndani, na ukiona unanunua kwa ajili ya mwenzako wa kazi, rudisha hela mfukoni uende nyumbani.

Nimemaliza. Mwenye swali aniulize, hata likiwa la kuumiza.