Fomu Chini ya Kopo la Gundi

Benchi la Fundi Soli lina miguu mitatu na tofali moja, na asiyejua hukaa upande wa tofali mara moja tu. Hapo kwenye kona, kati ya kibanda cha Kinyozi na ukuta wa ghala, mambo ya dunia huamuliwa kabla birika la kahawa halijapoa. Siku hiyo Fundi alikuwa na sindano ya viatu mdomoni, na fomu ya binti yake, aliyefaulu mtihani, chini ya kopo la gundi. Shule za serikali ni tatu: ya Juu kilimani, ya Kati nyuma ya soko, ya Chini jirani na karakana. Mzazi achague moja, fomu irudi saa tisa. Mtoto akifaulu, mzazi humshukuru Mola. Fundi alishukuru, lakini fomu hakuijaza.

— Ya Juu, shemeji, — alisema Kinyozi. — Mimi nawanyoa wanafunzi wake. Vichwa vyao vina moto, mashine huzima yenyewe!

— Mashine yako huzima hata kwenye kipara, — alijibu Profesa, mlinzi wa ghala, aliyepewa jina hilo kwa miwani yake ya kioo kimoja. — Ya Kati usiidharau. Darasa moja watoto tisini! Haba na haba hujaza kibaba.

— Watoto tisini, dirisha moja.

— Ndiyo! Hewa wanagawana. Unadhani hesabu za kugawanya wamezijulia wapi?

— Ya Juu wamekamata radi. Ndogo. Wameifungia kwenye chupa, umeme ukikatika wanasomea hiyo.

Fundi akatoa sindano mdomoni.

— Radi?

— Radi, shemeji.

— Mungu ni mkubwa.

— Na wa Chini je? — Profesa hakukubali kushindwa. — Mmoja alisikia lori likipita, akamwambia dereva, “Mzee, injini ina siku mbili.” Ya tatu, lori likalala!

— Basi ya Chini, — Fundi aliwahi. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kile kilima kina mawe.

Sababu haikuwa mawe. Aliogopa kwamba binti akishashika radi, atashuka na kumwona baba yake ni mtu wa gundi tu. Hilo hakulitamka, ila Mwenyezi alilisikia, naye Fundi akainamisha macho.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja kiatu chake, mguu mmoja peku, akauliza:

— Samahani, kaka zangu. Huyo binti anapenda nini?

Kinyozi akachungulia kikombe. Profesa akafuta kioo kisichokuwapo.

— Viatu vyake huisha mbele, penye vidole, — alisema Fundi hatimaye. — Nimeviziba mara nne.

— Vya wengine si huisha kisigino? — aliuliza yule mama.

— Huisha kisigino.

— Basi huyo husimama kwa vidole, — Profesa alinong'ona. — Kuna mahali anachungulia.

— Wapi? — aliuliza mama.

Mara nne Fundi alishika jibu la mwanawe mkononi, akaligonga msumari, asiulize. Akaichomoa fomu, akaifuta gundi kwa shati, akashika njia ya nyumbani akamuulize.

— Fundi! Kiatu changu!

Alikuwa amekikumbatia pamoja na fomu, wala hakugeuka.

— Mwache, dada, — Profesa alisema polepole, akivua miwani. — Hata mimi nataka kujua.